Usukani wa dau kuukuu: mbao ngumu, plaiwudi ya faiba, au wa kukunja?

Wangu ulipasukia kwenye rumada ya chini, ile bawaba inayoushika usukani. Tulikuwa tunatoka kwenye mafungu ya Kwale kurudi Fumba, mwezi wa Julai, kusi inavuma kwelikweli, na dau langu la futi 18 limebeba watu wanne. Nilivuta kana, mpini wa usukani, ili tubishe, yaani tugeuke dhidi ya upepo, nikasikia mlio mmoja mkavu kama wa kuni, kisha kana ikawa nyepesi mkononi. Wepesi ule ndio ulionitisha. Tukateremsha foromali, mti unaobeba tanga, kijana mmoja akakaa tezi, nyuma, na kafi, tukajikokota hivyo hivyo hadi pwani.

Fundi aliyeutazama hakusema mengi. Alichukua patasi, akaiweka pembeni mwa tundu la bolti, akaisukuma kwa kiganja tu, bila nyundo. Ikazama kama kisu kwenye papai. "Nahodha," akaniambia, "huu umekufa tangu mwaka juzi. Ulikuwa unatembea na maiti." Na rangi ya nje ilikuwa inang'aa, niliipaka mwenyewe kabla ya Ramadhani.

Wiki mbili zilizofuata kila mtu alikuwa na dawa yake. Mzee wa jirani: mvule, na basi. Mwanawe, ambaye kazi yake ni boti za faiba: plaiwudi na gundi ya epoksi. Rafiki yangu wa Tanga, mwenye kiboti cha tanga cha faiba cha futi 16 alichokinunua kwa mtu kikiwa kimeshachoka: chukua wa kukunja, utanishukuru. Nilikasirika kidogo, maana wote watatu ni watu wa bahari na wote walikuwa na sababu. Ilinichukua muda kuona kwamba kila mmoja alikuwa anakishauri chombo chake mwenyewe.

Haya basi ni kwa aliyekwama nilipokwama mimi: ana dau, mashua au kiboti cha zamani, tuseme futi 12 hadi 22, usukani umening'inia nyuma kwenye fashini (mti wima wa nyuma ya chombo) au kwenye ubao wa tezi, na umefika mwisho.

Je, umefika mwisho kweli?

Gonga usukani wako kwa kichwa cha bisibisi kuanzia juu hadi chini. Mbao nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Kwa usukani wa faiba wa kiwandani, toboa tundu dogo karibu na ncha ya chini chombo kikiwa nchi kavu. Maji ya kahawia yakitoka, jua ndani kuna jambo. Sukani nyingi za viboti vya zamani ni maganda mawili ya faiba yaliyogandishwa pamoja na povu katikati, na ndani ya povu kuna vyuma vilivyounganishwa kwenye mhimili. Maji yakiingia humo hayatoki, na hata stenlesi inaliwa inapokaa kwenye maji yaliyosimama yasiyo na hewa. Nje utaona usukani, ndani hakuna kitu.

Ufa mmoja mfupi, mbao ikiwa kavu na ngumu, unaungika. Ukiona uozo umezunguka matundu ya bolti za rumada, acha kuunga. Pale ndipo mzigo wote unapopita.

Watatu tunaowalinganisha

Wa kwanza ni ubao mgumu: mbao mbili au tatu za mvule, mninga, msaji au mbambakofi (Bara wanauita mkongo), zimeunganishwa ubavu kwa ubavu, umbo la asili la dau.

Wa pili ni plaiwudi ya baharini, tabaka mbili au tatu zilizogandishwa kwa epoksi, zikachongwa kwa randa na msasa, kisha zikavikwa kitambaa cha faiba.

Wa tatu ni wa kukunja. Una kichwa, yaani mashavu mawili yaliyofungwa kwenye rumada, na katikati yake bapa linalozunguka kwenye bolti moja. Likigonga fungu linainuka nyuma lenyewe, na kamba mbili zinalipandisha na kulishusha. Bapa linaweza kuwa la faiba, la alumini, au la ile plastiki nzito nyeupe ya vibao vya kukatia nyama. Unaweza kuagizwa nje ukiwa kamili, au ukatengenezwa hapa na fundi mwenye subira.

Nitawapima kwa mambo sita: maji unayopita na pwani unayolaza chombo; utiifu kwenye joshi (kwenda upande unakotoka upepo) na kubisha; mzigo kwa mkono wako na kwa rumada; ukaaji wake kwenye chumvi, jua na wadudu; nani atautengeneza ukiharibika; na fedha. Nimeanza na maji makusudi. Watu wengi huanza na fedha, wakamaliza kwa kununua mara mbili.

Maji na pwani

Pwani yetu ina kupwa na kujaa kwa kweli. Bamvua ikifika, yaani maji makuu, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja na Mombasa inakaribia mita 4. Chombo ulichokifunga asubuhi kikielea kiuno, mchana kimelala ubavu juu ya mchanga. Usukani wowote usiokunjika lazima uishie juu ya mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo), angalau inchi 2 au 3, la sivyo siku chombo kikikaa chini, uzito wake wote utaukalia usukani. Mafundi wa zamani walijua hivyo. Tazama dau lolote Nungwi au Matondoni: usukani ni mpana kuliko ulivyo mrefu, na ncha ya chini imekatwa mapema.

Kwa hiyo wa mbao na wa plaiwudi wako sawa hapa. Wote wawili wanafungwa na kina cha mkuku. Ukipita juu ya mwamba wote wanagonga, ila mbao ngumu inachubuka na kuendelea, wakati plaiwudi ikichubuka ngozi ya faiba inafunguka na maji yanaanza kuingia polepole.

Wa kukunja hapa hana mpinzani. Unaingia pwani huku unavuta kamba moja, bapa linainuka, unatia nanga kwenye maji ya magoti. Rafiki yangu wa Tanga anakokota kiboti chake hadi juu ya mchanga peke yake. Lakini angalia: ukiwa umeinuliwa, chombo hakisikii. Wenye viboti hivi huweka kafi karibu na mkono kwa zile hatua 20 za mwisho.

Utiifu kwenye joshi

Usukani haufanyi kazi kwa kusukuma maji kama mlango. Unafanya kazi kama bawa: maji yanapita pande mbili, upande mmoja yanakimbia zaidi, nguvu inazaliwa. Ndiyo maana bapa refu jembamba linashinda lile pana fupi lenye eneo lile lile, na ndiyo maana kuvuta kana hadi mwisho hakusaidii. Pembe ikizidi sana, maji yanabanduka upande wa nyuma na usukani unageuka breki.

Umbo la ukingo lina maana kuliko watu wanavyodhani. Ukingo wa mbele uwe wa duara kama ncha ya yai, unene mkubwa uwe kama theluthi moja kutoka mbele, kisha ushuke taratibu hadi ukingo wa nyuma mwembamba. Wanaopenda namba hutumia umbo la NACA 0012, lililotoka kwenye taasisi ya Marekani ya masuala ya ndege: zile tarakimu mbili za mwisho, 12, zina maana unene ni asilimia 12 ya upana. Usukani wenye upana wa inchi 12 ungekuwa na unene wa kama inchi moja na nusu, ambayo, kwa bahati nzuri, ndiyo mbao yenyewe fundi aliyonayo.

Plaiwudi ndiyo inayopokea umbo hilo vizuri zaidi. Ukiichonga, zile tabaka zake zinajitokeza kama mistari ya ramani, na mistari ikienda sawa pande zote mbili unajua umechonga sawa. Mbao ngumu inachongeka vilevile, ila mafundi wengi wa dau hawana mazoea hayo. Ukiwaachia watakuletea ubao bapa wenye kingo za mraba, kwa sababu ndivyo wateja wote wanavyochukua. Mwombe waziwazi. Mimi nilimchorea fundi wangu kwa kaa kwenye kipande cha silingibodi, akaniangalia, akacheka, "Unataka papa?" Nikamwambia ndiyo, nataka papa.

Wa kukunja unashinda kwa urefu: bapa linaweza kushuka futi moja au zaidi chini ya mkuku, likapata maji safi yasiyovurugwa na mwili wa chombo. Kiboti chepesi kinabisha nao kana kwamba kimezungushwa kwa kidole. Dau zito lenye mkuku mrefu halioni tofauti kubwa hivyo. Lenyewe linabisha kwa mwendo wa taratibu, usukani uwe wowote.

Kama usukani unalia au kutetemeka chombo kikishika kasi, ukingo wa nyuma ni mnene au wa duara. Uchonge, kisha uukate kwa mshazari upande mmoja tu. Kelele inaisha.

Mkono wako, na rumada

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wangu ulipofia.

Chukua usukani mdogo wenye bapa la sentimita 30 kwa 40 ndani ya maji. Chombo kikienda noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) na ukauvuta kwa nguvu, maji yanausukuma ubavuni kwa uzito wa kama kilo 40. Kikifika noti 7, ule uzito unakuwa karibu mara mbili, kwa kuwa nguvu inakua kwa mraba wa mwendo. Kilo 80 hizo hazimpati fundi aliyekuuzia mbao. Zinapita kwenye rumada mbili, kwenye bolti nne au sita, na kwenye fashini ya zamani kuliko watoto wako.

Basi kabla ya kuchagua bapa, kagua zinapofungwa. Toa bolti moja uitazame shingo. Ikiwa imekonda katikati kama kiuno cha nyigu, badilisha zote. Stenlesi ya namba 316 inavumilia chumvi kuliko 304. Muuzaji akishindwa kukuambia ni ipi, ichukulie kuwa 304. Shaba nyeusi ni nzuri na inakaa miaka, lakini shaba ya njano iache: maji ya bahari yanaila zinki iliyomo, inabaki na rangi nyekundunyekundu na inavunjika kama biskuti. Chuma kilichopakwa zinki ni rahisi na kinapatikana kila mahali, nawe unakijua kuwa ni cha kubadilisha kila baada ya misimu michache. Usichanganye alumini na shaba majini hata kidogo.

Wa mbao na wa plaiwudi hushika rumada vizuri mradi bolti zipite hadi upande wa pili na kuwa na washa pana. Kwa plaiwudi kuna hatua ya ziada isiyorukwa: toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, likikauka litoboe tena kwa saizi ya bolti. Bolti inakuwa imekaa ndani ya bomba la epoksi na maji hayaifikii mbao. Nimeona sukani mbili za plaiwudi zilizooza kutoka tundu kwenda nje, mwenye nazo akilaumu plaiwudi. Kosa lilikuwa la keekee.

Wa kukunja una kiungo kimoja zaidi kinachoweza kulegea: bolti ya mzunguko. Na una tabia moja inayowakosesha watu usingizi. Kamba ya kushushia ikilegea kidogo tu, bapa linainuka kinyumenyume, labda kwa upana wa viganja viwili, na ghafla kana inakuwa nzito kama unavuta ng'ombe. Sababu ni kwamba maji sasa yanaegemea mbali nyuma ya mhimili, wewe ndiye unayebeba mkono huo mrefu. Rafiki yangu alihangaika nayo msimu mzima, akapunguza tanga, akasogeza mlingoti, hata akafikiria kuuza kiboti. Dawa ilikuwa kamba isiyonyumbuka na kishikizo kizuri cha kuibana. Likikaa wima kabisa, au likiegemea mbele kidogo, ni jepesi kuliko wote watatu.

Kuhusu uzito wenyewe: ubao wa futi 4 kwa futi 1, unene wa inchi moja na nusu, wa mvule mkavu, ni kama kilo 9. Wa mbambakofi unapita kilo 10. Plaiwudi ya milimita 25 ya ukubwa huo, ikishavikwa, ni kama kilo 7. Bapa la ile plastiki nyeupe lina uzito kuliko watu wanavyotarajia, linakaribia kilo 9 kwa unene huo huo wa milimita 25, tena linapinda ukilikalisha refu na jembamba.

Neno la kando: kama kana yako ni nzito chombo kikienda joshi, usikimbilie kutengeneza usukani mkubwa. Dau linalovutia joshi kwa nguvu mara nyingi lina tanga lililochakaa na kuvimba nyuma kama mfuko, au mlingoti uliolegea ukalala tezi. Shona tanga kwanza.

Chumvi, jua na wadudu

Adui wa mbao ni yule anayeitwa mnyoo, ingawa kwa kweli ni jamaa ya chaza na kombe aliyejifanya mnyoo. Anaingia kwa tundu dogo kama la sindano, kisha anakula kwa ndani akifuata urefu wa mbao. Msaji na mvule vinamchelewesha, havimzuii. Kinachomzuia ni kukauka: chombo kinachopandishwa pwani kila wiki mbili, kikachomwa makuti chini na kupakwa deheni (mafuta ya kuhifadhi chombo) au rangi, hakimpi nafasi. Kile kinachokaa majini mwezi baada ya mwezi kitaliwa.

Plaiwudi iliyovikwa vizuri hailiwi kabisa, kwa kuwa hajaipata mbao. Lakini epoksi haipendi jua. Ikikaa wazi inageuka njano, inapauka, inapasukapasuka. Lazima rangi juu yake. Na usikubali plaiwudi ya dukani ya kutengenezea makabati. Iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari huwa na alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza, na gundi yake inastahimili kuchemshwa. Ile nyingine itafumuka kama kitabu kilicholowa.

Bapa la plastiki halina mdudu, halina uozo, halihitaji rangi, wala rangi haishiki. Wenye wasiwasi kwamba plastiki na dau havipatani wakumbuke lile jahazi la mita 9 lililoundwa Lamu kwa plastiki zilizookotwa, Flipflopi, lililoshushwa majini 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata. Kinachochakaa kwenye wa kukunja ni kamba, na mchanga unaoingia kati ya bapa na mashavu ukasaga kama jiwe la kunolea.

Nani atautengeneza?

Wa mbao: kila kijiji cha pwani chenye chombo. Ukivunjika Mafia au Kilwa, kesho kutwa una mwingine.

Plaiwudi: mtu aliyezoea faiba, hadena (dawa ya kugandisha epoksi) iliyopimwa sawasawa, kivuli, na siku ambayo haina mvua. Si ngumu, ila haitaki haraka. Anayekuambia atatumia resini ya poliesta kwa sababu ni rahisi, mwambie hapana; kwenye boti ya faiba inafaa, kwenye mbao inabanduka baada ya muda.

Wa kukunja: vipuri. Ukiwa umeagizwa, bolti yake ya mzunguko inaweza kuwa ya saizi usiyoipata dukani kwako. Siku unapoupokea, pima bolti, na nunua mbili za akiba.

Fedha

Siandiki bei, zitakuwa zimebadilika kabla hujamaliza kusoma. Mpangilio wake ndio huo huo popote nilipouliza: wa mbao ni nafuu kuanza, ila bei inapanda kulingana na aina ya mbao, hasa mninga na msaji. Wa plaiwudi unakaa katikati, na sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwenye epoksi kuliko plaiwudi. Wa kukunja wa kuagizwa ndio ghali, kwa ajili ya usafiri na ushuru. Wa kutengenezewa hapa unakaribia wa plaiwudi, pamoja na mashavu na bolti.

Lakini gawanya kwa miaka. Mbao inataka rangi na kukaguliwa kila msimu. Plaiwudi ikifanywa vizuri inakusahau kwa miaka mingi, ikifanywa vibaya inaoza kimyakimya. Wa kukunja unatumia kamba.

Upi kwa nani

Dau au mashua ya mbao ya kazi, inayovua na kubeba mizigo, inayopandishwa pwani mara kwa mara, na fundi yuko umbali wa kupiga kelele: ubao mgumu unafaa, hasa kama fashini nayo ni ya mbao na inacheza pamoja na chombo. Omba kingo zichongwe.

Chombo kinachokaa majini muda mrefu kwenye boya, au cha kutembeza wageni ambacho unataka kiwe chepesi na kitii, nawe una mtu wa faiba unayemwamini: plaiwudi na epoksi. Usiichukue kama huna mahali pa kuikaushia, au kama fundi anakuahidi kuimaliza kwa siku moja.

Kiboti chepesi cha faiba, ghuba yenye mafungu mengi, unaingia na kutoka maji yakiwa mafupi, mara nyingi peke yako: wa kukunja. Kama ni wa mtindo ambao bado unatengenezwa nje, kuagiza bapa na kichwa chake kutakuokolea vipimo vingi. Ila kwa dau zito lenye wimbi la nyuma la kusi, mashavu mawili na bolti moja ni kidogo mno, na mimi nisingependa kuwa juu yake.

Kama unauza chombo mwakani, unga wa zamani kwa uaminifu na umwambie mnunuzi.

Vyovyote utakavyochagua, chora wa zamani kwenye kadibodi kabla hujauchoma. Pima nafasi ya rumada kwenye chombo chenyewe, si kwenye usukani uliovunjika, maana fashini inapinda na umri na usukani ulijipinda kuifuata. Pini ya rumada ya chini iwe ndefu kwa inchi moja kuliko ya juu, ili uipachike kwanza hiyo, kisha uitafute ya juu. Aliyewahi kuning'iniza usukani majini, wimbi likimpiga kifuani, atanielewa. Na uufunge kwa kamba ndogo kwenye fashini. Mvule unaelea, plaiwudi inaelea, hata ile plastiki nyeupe inaelea kwa shida, na wimbi moja la chini linatosha kuunyanyua kwenye pini zake.

Mimi nilichukua mvule, kwa sababu dau langu hupandishwa pwani, na kwa sababu fundi yuko nyumba ya tatu. Aliuchonga kama papa. Siku ya kwanza tuliyotoka nao alikuja kukaa omo, mbele ya chombo, akanyamaza mpaka tulipobisha mara ya pili, akageuka na kuuliza kama kile kipande cha silingibodi bado ninacho.